Feni Isiyopona

Kuna watu wanaokopa kwa aibu. Wanainama, wanajikuna kichwa, wanaanza na habari za mvua kabla ya kuifikia shida yao. Fundi Baridi hakuwa wa kundi hilo. Yeye alikopa kama mtu aliyekuletea zawadi. Angeingia dukani kwako akicheka, akalisifia shati lako, akauliza hali ya goti la mama yako, na kabla hujajua kilichokupata ungekuwa umeshafungua droo na kumpa, tena ukamshukuru kwa kupita. Kulipa alilipa, hilo nisimsingizie. Ila alilipa kwa mwendo wa kobe, na akishalipa robo anakopa nusu.

Jina la Baridi alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi wa viyoyozi na majokofu, na katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Angeweka kiganja kwenye bati la mashine, akafumba macho, akatulia, kisha akakuonyesha kwa kidole mahali gesi inapovujia. Shida ni kwamba wateja wake nao walilipa kwa mwendo ule ule wa kobe, na gesi hainunuliwi kwa ahadi. Halafu kulikuwa na binti yao chuoni, na ada ya chuo haijui kusubiri. Hapo katikati ndipo mtaa ulipoingia: Kinyozi, Muuza Nyama, mama mmoja fundi cherehani, na juu yao wote Seremala.

Mtu wa namna hii angeoa mwanamke mwingine yeyote duniani, pengine yangeisha kwa kelele mbili tatu za jikoni. Yeye akaenda kumwoa yule.

Mkewe alikuwa msimamizi wa matanuri kwenye kiwanda cha mikate. Alikuwa mchangamfu, mwenye mikono ya nguvu na sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, lakini alikuwa na jambo moja lisilochezewa. Alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa mkopaji mkubwa, na siku moja wadai walikuja nyumbani wakatoa viti. Walivipitisha mlangoni kimoja baada ya kingine, na mwisho wakamwomba yeye asimame ili wachukue na kile alichokalia. Siku hiyo walikula sakafuni, na mama yao akawaambia watoto kwamba ni mchezo. Mtoto yule hakudanganyika. Alipokua hakukopa hata chumvi, na Fundi alipokuja kumposa alimpa sharti moja tu: umaskini atauvumilia, lakini deni lisivuke kizingiti cha nyumba yake.

Fundi akaapa. Na kwa kuwa alimpenda sana, na alitaka kumfutia kabisa ile picha ya viti, wiki hiyo hiyo akaenda kwa Seremala akachukua seti nzima ya viti vya mbao ngumu, vyenye mito ya kijani. Kwa mkopo.

Msicheke bado. Mwanamke yule alivipenda viti vile kuliko kitu chochote nyumbani. Alivifuta kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mgeni akija alimwambia kwa fahari kwamba hivi havitatoka mlangoni labda vitoke kwa ajili ya kuoshwa. Fundi akisikia hivyo alikuwa anakohoa.

Sasa wadai nao wana familia, na wote walimjua mke wa Fundi na walimheshimu. Mwanzo wa mambo ulikuwa wa bahati tu. Jioni moja Kinyozi alikwenda kudai pesa yake, na mkononi alikuwa na feni ya kibanda chake aliyotoka kuiosha bombani. Mlangoni akakutana na mke. Mke akaiona feni, akaita ndani, "Mume wangu, umeletewa feni." Fundi akatoka na bisibisi, wakasogea hadi kwenye kona na Kinyozi, wakamalizana, akarudi akipangusa mikono. Kinyozi akawasimulia wenzake. Basi ikawa ndiyo desturi: yeyote anayetaka pesa yake anapita kwa Kinyozi, anaibeba ile feni ya buluu yenye wavu uliobonyea upande mmoja, anabisha hodi na kusema, "Shemeji, feni imekufa tena." Ikawa hata wateja wa kunyoa wakikuta kibanda kina joto wanauliza feni iko wapi, na Kinyozi anajibu bila kuinua macho kwamba imeenda kudai.

Mke hakuwahi kusema lolote kuhusu feni hiyo. Angeitazama tu, amtazame na mumewe kwa macho fulani ya huruma, kisha arudi ndani. Fundi alidhani ni uchovu wa matanuri. Jambo jingine lililomkera, ambalo hakuliunganisha na hilo hata kidogo, ni kwamba kiwanda cha mikate kilikuwa na chumba cha baridi cha kuhifadhia siagi na hamira, mashine yake mbovu kama nini, na kila ilipozima waliitwa mafundi kutoka mbali. Yeye hakuitwa hata siku moja. Akimuuliza mkewe, anajibiwa kwamba bosi ana watu wake, kisha anaongezewa mboga kwenye sahani.

Ndipo ikaja ile kazi.

Upande wa pili wa mji kulikuwa na jengo jeupe lisilo na madirisha upande wa barabara. Humo ndani serikali ilikuwa na mitambo ya kompyuta inayohifadhi kumbukumbu za watu wote, kuanzia vyeti vya kuzaliwa hadi hati za viwanja, na mitambo ile ikipata joto kidogo tu, nchi nzima inasahau jina lake. Fundi wao alikuwa anastaafu. Fundi Baridi akaitwa kwenye majaribio, akaweka kiganja kwenye bati, akafumba macho, na wakubwa wakatazamana. Mshahara wa mwezi, tena wa uhakika. Kilichobaki ni kibali cha usalama, maana hakuna anayeingia kwenye vyumba vile bila kupekuliwa maisha yake yote kwanza.

Katika fomu waliyompa kulikuwa na swali moja lililomtoa jasho, yeye mtu wa baridi: unadaiwa na nani, na kiasi gani?

Kinyozi, ambaye kwa kuwa ananyoa mawakili wawili hujihesabu kuwa wa tatu, akaitisha kikao kibandani. Akasema mtu mwenye madeni hapewi funguo za serikali, kila mtu anajua hilo, kwa hiyo aandike hamna. Na watu wa usalama wakija kuuliza mtaani, jibu liwe moja: hadaiwi hata sindano. Wote wakaafiki, nusu kwa mapenzi na nusu kwa hesabu, kwa sababu jamaa akipata kazi na wao wamepata pesa zao. Muuza Nyama akarudia ile sentensi mara kadhaa ili asiikosee.

Fundi akajaza fomu mezani kwake, jioni, mkewe akiwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Alipofika kwenye lile swali akaandika hamna. Mkewe akacheka kwa furaha, akamgusa bega na kusema, "Hapo hawakupati." Kalamu ikawa nzito mkononi mwa Fundi. Aliona aibu, aibu ya kweli, lakini aliimeza na chai ile ile.

Mpekuzi alikuja mtaani baada ya siku chache. Watu walitarajia jibaba la miwani myeusi. Akaja mama mfupi wa makamo, viatu vya raba, mwavuli mkubwa kuliko yeye mwenyewe, akajitambulisha kwa kila mtu na kumsikiliza kila mtu mpaka mwisho. Mtaa ukampenda papo hapo. Kinyozi akampa kiti. Fundi cherehani akamshonea kifungo kilichokuwa kinaning'inia. Na wote, bila kukosea hata neno, wakamwambia kwamba Fundi Baridi hadaiwi hata sindano. Yule mama akashukuru, akafungua mwavuli wake, akaondoka. Kibandani wakapongezana.

Wiki iliyofuata Fundi akaitwa ofisini kwa yule mama. Kilikuwa chumba kidogo chenye meza, viti viwili na kiyoyozi kilichokuwa kinadondosha maji kwenye ndoo. Fundi alijitahidi kumtazama mwenyeji wake, lakini macho yalikuwa yanamponyoka kuelekea kwenye ile ndoo.

"Mtaa wako unakupenda," Mama Mpekuzi akaanza.

Fundi akasema anashukuru.

"Kinyozi ameniambia hudaiwi hata sindano. Muuza nyama ameniambia hudaiwi hata sindano. Mama wa cherehani naye, sindano. Seremala alikaa kimya muda mrefu, akaniangalia, halafu naye akasema sindano." Akaweka mikono juu ya meza. "Baba, watu wanaosema kweli hawafanani hivyo. Mmoja angesema anakudai. Mwingine angesema hajui. Sasa niambie mwenyewe, kabla sijaandika chochote. Nikishaandika, sitaweza kufuta."

Maji yakadondoka kwenye ndoo. Fundi akafikiria mshahara, akamfikiria binti yake chuoni, akafikiria kwamba hata sasa angeweza kucheka na kumsifia yule mama mwavuli wake. Kisha akachoka. Akasema kweli yote, kuanzia gesi hadi ada hadi viti, na feni pia akaisema.

Alipofika kwenye feni, Mama Mpekuzi alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika. Aliporudisha miwani usoni alikuwa mtu wa kazi tena. Akamweleza kwamba deni lenyewe halimtishi. Yeye mwenyewe anadaiwa nyumba, na nusu ya watu wa lile jengo wanadaiwa kitu. Anachoangalia ni kama mtu anayajua madeni yake, anayakiri, na anayalipa. Ila kuna jambo jingine, na hilo ndilo linalomnyima usingizi.

"Hili deni, kuna mtu duniani usiyetaka alijue?"

"Mke wangu," Fundi akasema polepole.

"Mtu mwingine analijua?"

"Mtaa mzima."

"Basi funguo za jengo letu ziko mikononi mwa mtaa mzima. Siku yoyote mtu atakuja akuambie, nifungulie mlango ule, la sivyo nakwenda kwa mkeo. Utafanya nini?"

Fundi akafungua mdomo aseme kwamba hatafungua, na jibu likakataa kutoka, kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema kweli na hakutaka kuiacha. Mama Mpekuzi akamrudishia fomu yake. Akamwambia arekebishe, apange na wadai wake namna ya kulipa, na siku ya Jumapili yeye mwenyewe atapita nyumbani kuzungumza na mke. Kama mke atakuwa hajui kitu, faili litafungwa hapo hapo.

Fundi akarudi moja kwa moja kibandani. Aliwaambia wenzake kwamba waliyosema yamejulikana ni uongo, na kwamba lazima sasa waseme kweli. Fundi cherehani akachukia, akauliza kama anataka wote waonekane waongo mbele ya mama wa watu aliyemshonea kifungo. Kinyozi akaanza kutaja vifungu vya sheria alivyovitunga papo hapo. Seremala, ambaye maneno yake kwa siku yanatosha kwenye kiganja, akanyanyuka kwenye benchi.

"Kamwambie mkeo," akasema. "Mimi nimechoka kubeba feni."

Nyumbani alimkuta mkewe ameketi kwenye kiti chake, ametoka kuoga, unga bado umebaki kwenye nyusi. Fundi akakaa. Akasema inaelekea mvua itanyesha. Mkewe akasema mbingu ni nyeupe. Fundi akasema hata hivyo, mvua za siku hizi hazitabiriki. Akajikuna kichwa. Mtu aliyekopa maisha yake yote bila kutaja mvua, siku ya kusema kweli akawa hana pa kuanzia ila mawinguni.

Na hapo hodi ikapigwa. Ni Muuza Nyama, ambaye alikuwa machinjioni tangu asubuhi na hakujua lolote lililotokea. Alikuwa amekumbatia feni ya buluu.

"Shemeji, feni imekufa tena," akasema.

Mke akaitazama ile feni, akamtazama mumewe kwa yale macho ya huruma, akaanza kuinuka aende ndani. Fundi akapiga moyo konde.

"Mke wangu, kaa. Na wewe ndugu yangu, ingia, iweke hapo chini."

Akaichukua waya, akaichomeka ukutani. Feni ikazunguka, laini, bila hata mkwaruzo, ikapeperusha pazia na unga uliokuwa kwenye nyusi za mkewe.

"Haina ugonjwa," Fundi akasema. "Haijawahi kuwa nao. Huyu ananidai. Kila aliyeleta feni hapa ananidai. Tuliibeba ili wewe usijue."

Muuza Nyama akatafuta mahali pa kuweka macho yake, akayaweka dirishani.

Mke alikuwa ameiangalia feni bila kupepesa. "Nzima?" akauliza.

"Nzima."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Fundi akasubiri paa liporomoke. Lakini lililotoka kinywani mwa mkewe halikuwa alilolisubiri.

"Mimi nilidhani hujui kazi," akasema.

Kisha yakamwagika. Kwamba miaka yote ameona feni ile ile, wavu ule ule uliobonyea, ikiletwa leo na huyu na kesho na yule, akajua mumewe ni fundi asiyeweza kuponya feni moja. Kwamba alimwonea huruma, akaamua kumtunzia heshima yake na asimwambie kamwe. Na kwamba bosi wa kiwanda cha mikate ameomba mara nyingi aletewe Fundi Baridi aangalie chumba cha siagi, na kila mara yeye amemzuia, amemwambia mume wangu ni wa majokofu madogo madogo tu, msimpe mzigo mkubwa.

Fundi akashika kichwa. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ndefu, ila ilizunguka mji mzima na kumrudia mlangoni, na njiani ikamlia kazi ya kiwanda kizima. Akaanza kucheka, hakuweza kujizuia, na Muuza Nyama akacheka kwa kuona mwenzake anacheka, na mke akacheka mpaka akafuta macho. Furaha ingeweza kuishia hapo, na mtu mwingine angeiachia iishie hapo. Fundi alijua bado.

"Na viti," akasema.

Kicheko kikakatika. Mke akashusha macho akaitazama mbao iliyokuwa chini ya mikono yake, ile aliyoifuta kila asubuhi. Kisha akasimama, polepole, kama mtoto aliyeambiwa asimame. Fundi alipomwona anavyosimama, roho ilimuuma kuliko siku zote alizowahi kuwa na shida. Akamwambia amekosa. Hakuongeza sababu, ingawa alikuwa nazo, na nzuri.

Mke alilia kidogo, bila sauti. Baadaye akajipangusa kwa kanga, akafunga kanga ile kiunoni.

"Vitatoka," akasema. "Lakini safari hii navitoa mimi." Akamgeukia Muuza Nyama. "Shemeji, shika upande huo."

Basi mtaa ukaona kioja. Mchana kweupe, mke wa Fundi Baridi mbele, Muuza Nyama nyuma, wamebeba kochi la mito ya kijani, na Fundi mwenyewe anafuata na mito kichwani. Walikwenda na kurudi mpaka sebule ikabaki na feni peke yake. Seremala akaweka randa chini, akawapokea. Mke akamwambia ashike mali yake, na siku deni litakapokwisha aje avilete mwenyewe.

"Deni limebaki la miguu miwili tu, shemeji," Seremala akasema kwa upole.

"Basi, kaka, kiti cha miguu miwili si kitamwangusha mtu?"

Seremala akacheka. Watu walisema hawajawahi kuyaona meno yake yote.

Siku mbili mke hakusema na mumewe ila kwa mambo ya chumvi na maji. Siku ya tatu akampa amri: wote wenye feni waje Jumapili. Yeye mwenyewe akaenda kwa bosi wake, akakiri kwamba alikosea kuhusu mumewe, na kwamba chumba cha siagi kinaweza kupata daktari wake. Aliporudi akamwambia Fundi kwamba pesa ya kiwandani yote ni ya wadai. "Kibali kije, kisije, tutalipa," akasema. Fundi alipenda lile neno "tutalipa" kuliko mshahara wowote.

Jumapili wadai walikuja, na kwa kuwa mtaa mzima ulijua sebule haina pa kukalia, kila mmoja alikuja na chake. Kinyozi alibeba benchi la wateja. Fundi cherehani alikuja na kigoda chake kichwani. Muuza Nyama hakuwa na kiti chochote cha maana, akaleta gogo la kukatia nyama, amelisugua kwa sabuni hadi likawa jeupe. Seremala akaja na stuli mpya inayonukia vanishi. Mke alisimama mlangoni kuwapokea, na vilipoanza kupita mbele yake, benchi, kigoda, gogo, stuli, vikiingia ndani na si kutoka, akaegemea fremu ya mlango akacheka mpaka akaishiwa nguvu. Wengine hawakujua anacheka nini. Mumewe alijua, akageuka akajifanya anachomeka feni.

Kila mmoja akataja anachodai. Fundi cherehani alisahau suruali ya kazi, Fundi mwenyewe akamkumbusha. Mke akapanga nani aanze kulipwa na nani asubiri, na alipofika kwa Kinyozi akamkata kidogo kwa sababu ya ushauri wa kisheria.

Walikuwa katikati ya hayo, mwavuli ukatokea mlangoni. Wote wakasimama kama wanafunzi. Muuza Nyama akamwachia Mama Mpekuzi gogo lake, naye akaketi juu yake kwa adabu zote. Akaomba azungumze na mke faragha. Mke akasema faragha katika nyumba hii imeshaleta hasara ya kutosha, aulize hapa hapa.

"Kuna jambo lolote kuhusu mumeo," Mama Mpekuzi akauliza, "ambalo mtu akija kukwambia, litakushtua?"

Mke akazungusha macho sebuleni, benchi hadi stuli. "Mama, wote wenye la kuniambia ndio hawa, wamekaa. Kama kuna jingine, labda gogo ndilo linalolijua."

"Na wewe unamwamini?"

Hapo mke hakufanya mzaha. Alifikiri. "Kazi yake naiamini," akasema. "Yeye mwenyewe namwangalia."

"Na sisi pia," Mama Mpekuzi akasema, akaandika. Kisha akamgeukia Kinyozi na kumuuliza kama bado anasimamia ile habari ya sindano. Kinyozi akaziangalia ndala zake. Fundi cherehani ndiye aliyejibu, kwamba kwa haki kabisa, hata sindano nayo anamdai, alimwazima ya kushonea mkanda. Sebule ikavunjika mbavu, na Mama Mpekuzi akavua miwani yake tena.

Kibali kilikuja mwezi uliofuata, kikiwa na sharti kwamba kila baada ya muda aonyeshe madeni yamefikia wapi. Siku ya kwanza kazini Mama Mpekuzi alimsubiri kwenye korido, akamwongoza hadi ofisini kwake na kumwonyesha ndoo. Akamwambia angependa kuiaga. Fundi akaweka kiganja, akafumba macho.

Viti vya wadai vilibaki pale sebuleni. Mke ndiye aliyetaka hivyo: anayelipwa yote anachukua chake. Nyumba ikawa na sura ya kituo cha kusubiria, wageni walikaa kwenye gogo, na binti yao alipokuja likizo alidhani wazazi wamefungua mgahawa. Mwisho wa mwezi ukipita, kitu kinatoka. Kilitangulia kigoda, kikafuata benchi, na siku gogo lilipotoka Muuza Nyama alilibeba begani akiimba. Vilipita mlangoni kimoja baada ya kingine, kama zamani vile, na kila kilichotoka mke alikisindikiza hadi barabarani, akapunga mkono.

Ilibaki stuli, na siku ilipofika Seremala alikuja kuichukua akiwa na mkokoteni. Viti vya mito ya kijani vilikuwa juu yake, vimepigwa vanishi upya, na mtaa ulikuja nyuma kuvisindikiza. Wakaviingiza, wakavipanga palepale vilipokuwa. Mke akavizunguka, akavigusa, hakukaa. Hodi ikapigwa. Kinyozi alikuwa mlangoni amekumbatia feni ya buluu.

Mke akampima kwa macho. "Umekuja kudai?"

"Hapana, shemeji. Tumechanga, mimi nimenunuliwa nyingine. Hii ni yako, imeizoea nyumba hii kuliko kibanda changu."

Mke akamtazama mumewe. "Kuna deni jingine huko nje? Lolote?"

"Hakuna," Fundi akasema.

Akamtazama zaidi, mpaka akaridhika. Ndipo akakaa, akaegemea, akanyoosha miguu, akamwambia aiwashe.